Kukaa Kimya Kigali, Macho Wazi

Kigali ni mji ambao utulivu wake una ratiba. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, maduka hufungwa na majirani hutoka na majembe na mafagio kwa ajili ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kijamii. Jumapili mbili katika mwezi, baadhi ya barabara kuu hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016. Na kila tarehe 7 Aprili nchi nzima huingia katika siku 100 za kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mtu anayekuja kuwauzia wakazi wa mji huu utulivu kutoka Japani ana deni la kueleza kwanza anauza kitu gani ambacho hawana.

Zen ni njia ya Kibudha iliyozaliwa China na kustawi Japani. Zoezi lake kuu ni kukaa: mgongo umenyooka, pumzi inaachwa iende yenyewe, akili ikitoroka inarudishwa bila kukaripiwa. Lakini walimu wake hawakutaka zoezi liishie kwenye mkeka. Mwaka 1237 mtawa Dogen aliandika mwongozo mzima kwa ajili ya mpishi wa monasteri, na ndani yake hata kuchagua mchele na kutoa mchanga kumehesabiwa kuwa ibada. Karne saba baadaye Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, alifundisha kuosha vyombo kwa namna hiyohiyo. Mmarekani Jon Kabat-Zinn, aliyejifunza kwa walimu wa Zen, aliyavua mafunzo hayo joho la dini mwaka 1979 akawapelekea wagonjwa wa maumivu sugu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa kozi ya wiki kadhaa. Umakinifu unaohubiriwa leo kwenye programu za simu na semina za ofisini umetoka kwa sehemu kubwa katika kozi ile.

Kinachofanyika hasa ni kidogo kuliko matangazo yake. Chukua makutano yoyote ya Kigali yenye taa zinazohesabu sekunde kurudi nyuma. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, amesimama, abiria nyuma yake ana kofia kichwani, taa nyekundu inaonyesha 60. Mkono wa abiria unaingia mfukoni kutafuta simu kabla mwenyewe hajaamua kuitafuta. Thich Nhat Hanh aliwaambia wanafunzi wake waichukue taa nyekundu kuwa kengele ya kuwarudisha kwenye pumzi. Abiria hahitaji kuizuia simu. Anahitaji kuuona ule mkono ukienda. Akishauona, ana nafasi ya kuchagua, nafasi ambayo sekunde moja kabla hakuwa nayo. Basi. Hapo pana zoezi zima, na ugumu wake wote ni kulirudia kesho kwenye taa ileile huku umechelewa kazini.

Hapo ndipo ratiba ya mji na Zen zinapoachana. Umuganda unapimwa kwa mtaro uliosafishwa, na ndivyo inavyopaswa. Ila mtu anaweza kufagia saa tatu nzima akiwa anagombana moyoni na mwenye nyumba wake, na mtaro ukasafika vilevile. Kalenda inaweza kuleta miili mahali pamoja. Kuuleta moyo ni kazi ya kila mmoja. Muislamu wa mtaa wa Biryogo hahitaji kufunzwa hili na Mjapani, kwa kuwa anajua tofauti kati ya kuswali na kuswali kwa khushuu. Mkatoliki aliyewahi kumaliza rozari bila kukumbuka alipita wapi anaijua pia. Kwa hiyo wanaoogopa kwamba kuhudhurisha moyo jikoni au barabarani ni kubadili dini wanaweza kutulia.

Hofu yangu iko kwingine. Umakinifu unaouzwa maofisini huahidi kupumzika na kuzalisha zaidi. Mwajiri anayewapa watu dakika kumi za kupumua kisha akawaweka kazini hadi usiku anatibu kivuli cha ugonjwa. Serikali ya Rwanda ilipopanga upya saa za kazi Januari 2023, ziwe saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nadhani iliwapa wazazi utulivu wa asubuhi ambao hakuna semina ingeweza kuwapa.

Zen iliyowahi kufika Rwanda yenyewe haikuja kupumzisha. Bernie Glassman, mhandisi wa ndege wa Marekani aliyegeuka mwalimu wa Zen, alianza mwaka 1996 kuwapeleka watu wakakae kimya Auschwitz. Aprili 2014, miaka 20 baada ya mauaji ya kimbari, jumuiya yake iliandaa mkutano wa aina hiyo Rwanda, huko Murambi, shule ya ufundi ambamo maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbilia usalama waliuawa tarehe 21 Aprili 1994. Wanyarwanda na wageni walikaa pamoja mahali ambapo miili iliyohifadhiwa kwa chokaa bado inaonekana. Glassman alikuwa na nguzo tatu: kuacha kujifanya unajua, kushuhudia, kisha kutenda. Kupumzika hakumo.

Hapo ndipo Kigali inapowafundisha wauzaji. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta msongo wa baada ya kiwewe kwa asilimia 3.6 ya watu kwa jumla, lakini asilimia 27.9 miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari. Kumwambia mtu wa namna hiyo afumbe macho, anyamaze na afuate pumzi yake kunaweza kumrudisha palepale alipotoka. Wataalamu wa kiwewe wameonya hivyo, na mtu yeyote aliyehudhuria kumbukumbu kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, akawaona wahudumu wakiwabeba walioanza kupiga kelele, hahitaji kitabu. Programu nyingi za simu huanza kwa kuamuru macho yafumbwe. Katika Zen ya jadi macho hubaki nusu wazi, yakitazama sakafu hatua chache mbele. Huo ni utaratibu wa karne nyingi, na kwa mji huu ndio wenye busara zaidi.

Anayetaka kujaribu aanze na kazi ya mikono: kuchagua maharage, kupiga pasi, kupanda ngazi. Macho wazi, nyayo chini, dakika chache. Kumbukumbu zikifurika, aache mara moja bila aibu na azungumze na mhudumu wa afya ya akili katika kituo cha afya kilicho karibu, au apewe rufaa ya kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera. Mwalimu yeyote wa umakinifu ambaye hawaambii wanafunzi wake hivyo siku ya kwanza, asilipwe.