Butembo na Beni: Kabla ya kununua pikipiki iliyotumika, uliza karatasi kwanza

BUTEMBO – Anayeuza pikipiki yake mjini Butembo kwa kawaida huiosha kwanza. Tope la njia za vijijini linaondolewa, tangi linang'arishwa, kiti kinavishwa ngozi mpya. Mnunuzi naye huizunguka, hupiga kiki, husikiliza mlio, kisha huanza kuomba apunguziwe bei. Swali ambalo lingemwepusha na hasara kubwa mara nyingi huja mwisho, fedha zikiwa zimeshahesabiwa: karatasi ziko wapi?

Katika miji ya Butembo na Beni, jimbo la Kivu Kaskazini, pikipiki ni kazi na pia ni akiba. Familia iliyouza mavuno ya kahawa au kakao, au kipande cha shamba, huweka fedha hizo kwenye pikipiki kwa sababu huleta kitu kidogo kila jioni. Siku ya ugonjwa, ada ya shule au mazishi, chombo hicho kinaweza kuuzwa kikarudi kuwa dola. Ndiyo maana kuuziwa pikipiki mbovu, au ya wizi, ni pigo kwa nyumba nzima.

Njia ya Kasindi

Pikipiki nyingi zinazoonekana hapa zimetengenezwa India au China. TVS na Bajaj Boxer za India, pamoja na Haojue ya China, ni majina anayoyajua hata mtoto. Kwa kawaida zina injini ya silinda moja, ya kati ya cc 100 na 150, inayopozwa kwa hewa. Ni injini rahisi. Fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua asubuhi pembeni mwa barabara na kuifunga kabla ya jua kuzama.

Safari yake hadi hapa ni ndefu. Mzigo hushuka bandari ya Mombasa, hupita Kenya na Uganda, huvuka mpaka wa Mpondwe na kuingia Kasindi, kisha hupanda kwenda Beni na Butembo. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu miaka mingi kwa kuzifuata bidhaa wenyewe hadi Dubai na Guangzhou. Mtafiti Timothy Raeymaekers alichapisha kitabu kuhusu biashara hiyo ya mpakani mwaka 2014.

Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini forodha ya Kasindi haikuondoka. Chombo kinachoingia kinatakiwa kulipiwa ushuru kwa idara ya forodha, DGDA, na mwenye nacho kupewa hati.

Hapo ndipo pikipiki inapotofautiana na gari. Uganda huendesha kushoto na Kongo huendesha kulia, hivyo gari la usukani wa kulia hujulikana mara moja kuwa limetoka ng'ambo. Pikipiki haina upande. Inayofaa Kasese inafaa Beni pia, na mtu akibadilisha namba tu, macho peke yake hayawezi kujua kama ilipita forodhani au ilipitishwa porini usiku.

Mpya au iliyotumika?

Mwenye fedha kamili hununua mpya dukani na kupewa hati zote. Wengi hawana uwezo huo. Wao wana njia mbili: kununua iliyotumika, au kuingia mkataba na mwenye pikipiki.

Katika mkataba wa aina hiyo, motari hupewa chombo na kupeleka kiasi walichokubaliana kila siku, malipo yanayoitwa versement. Mara nyingi siku moja ya wiki huachwa iwe yake mwenyewe. Mikataba mingine humalizika kwa chombo kuwa mali ya motari baada ya muda uliopangwa. Ni njia iliyowapa vijana wengi pikipiki zao za kwanza.

Ugomvi huanza pale mambo matatu yasipoandikwa. La kwanza, nani analipia tairi, cheni na oili, na nani analipia injini ikifa. La pili, malipo yanakuwaje siku mji unapofungwa kwa maandamano au mapigano. La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, nani anabeba hasara chombo kikiporwa na watu wenye silaha. Mkataba wa mdomo humwacha motari akiendelea kudaiwa pikipiki ambayo haipo tena. Karatasi moja, yenye saini za wote wawili na shahidi wa kila upande, inatosha kuzuia kesi ya miezi mingi.

Mlima wa Butembo hausemi uongo

Kwa anayenunua iliyotumika, jiografia ya hapa ni fundi wa bure. Butembo iko kwenye vilima, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Beni, umbali wa kilomita 54 kuelekea kaskazini, iko chini zaidi kwa mamia ya mita. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Pikipiki iliyochoka inaweza kujificha kwenye tambarare ya Beni. Ukiipandisha kilima cha Butembo ikiwa na abiria wawili, itasema ukweli.

Kipimo cha kwanza ni kufika bila kutarajiwa na kuigusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ina joto, muulize muuzaji kwa nini aliiwasha mapema, kwani injini mbovu huficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi. Ikishawaka, tazama moshi. Moshi wa bluu una maana kwamba inachoma oili: ringi za pistoni au sili za vali zimekwisha. Moshi mweusi ni esansi nyingi kupita kiasi, jambo ambalo mara nyingi hurekebishwa kwa kusafisha na kupima upya kabureta.

Baada ya hapo shuka chini. Meno ya gia ya nyuma yaliyopinda kama ndoano yanaonyesha kuwa cheni na gia zote mbili zinahitaji kubadilishwa pamoja. Tikisa gurudumu la mbele kulia na kushoto: likicheza, beringi zimekufa. Simama mbele na uangalie kama vyuma vya shokomzoba vimenyooka. Kisha chunguza shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Alama ya kuchomelea au rangi mpya mahali hapo ni dalili kwamba chombo kiligonga kitu kwa nguvu. Injini inaweza kufufuliwa, lakini fremu iliyovunjika shingo inaweza kumwangusha mtu kwenye mteremko.

Oili ndiyo historia ya injini. Pikipiki ya biashara hutembea kutwa nzima, ikibeba watu, magunia ya makala, mikungu ya ndizi na kakao kutoka Mangina na Oicha. Injini yake hubeba oili ya lita moja hivi tu. Mwenye kuahirisha kuibadilisha ili kuokoa faranga chache hurithisha hasara kwa mnunuzi wake.

Karatasi ni nusu ya chombo

Pikipiki halali nchini Kongo inatakiwa kuwa na hati ya forodha, namba ya usajili inayotolewa na idara ya kodi, DGI, na carte rose inayoonyesha jina la mwenye chombo na namba ya fremu. Inatakiwa pia kuwa na bima. Soko la bima lilikuwa la shirika la SONAS peke yake hadi sheria ya mwaka 2015 ilipoyafungulia makampuni mengine. Kuna pia kodi ya barabara ya kila mwaka.

Mnunuzi asiridhike kuonyeshwa carte rose kwa mbali. Aichukue mkononi, ainame, asome namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, kisha namba ya kwenye injini, herufi kwa herufi. Namba iliyokwanguliwa au kugongwa upya haina maelezo mazuri. Na kama jina lililo kwenye hati si la muuzaji, iwepo karatasi ya mauzo inayounganisha majina hayo mawili. Bila hivyo mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Gharama ya kutokuwa na karatasi inaweza kuhesabiwa. Chukulia mfano wa pikipiki iliyonunuliwa kwa dola 1,000 na kuuzwa dola 500 baada ya miaka miwili. Imepoteza dola 500, yaani karibu dola 21 kwa mwezi, mbali na tairi na oili. Sasa chukulia kwamba kwa kukosa carte rose mnunuzi amekubali kutoa dola 300 tu. Dola 200 nyingine zimeondoka, zaidi ya dola 8 kwa kila mwezi wa ile miaka miwili, bila kuhesabu muda uliopotea kwenye vizuizi vya barabarani.

Vita ndani ya bei

Mahali pengine wizi wa pikipiki ni kesi ya polisi. Hapa karatasi zinaweza kuwa suala la uhai. Eneo la Beni limeishi na mauaji ya raia tangu Oktoba 2014, mengi yakihusishwa na waasi wa ADF. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 6, 2021, na Novemba mwaka huo majeshi ya Uganda na Kongo yakaanza operesheni ya pamoja. Katika hali hiyo, kijana anayekutwa jioni na pikipiki asiyoweza kuieleza huangaliwa kwa jicho la shaka. Kwa kuwa wahalifu nao hutumia pikipiki, mamlaka zimekuwa zikiweka mipaka ya saa za usiku kwa motari, na saa za jioni zenye abiria wengi ndizo zinazokatwa.

Motari mwenyewe ndiye wa kwanza kuwa hatarini. Uporaji wa pikipiki kwa silaha umeripotiwa mara nyingi katika miji yote miwili, na kwenye barabara za Beni vyombo vimechomwa moto katika mashambulizi. Upande wa kusini, waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha Goma mwishoni mwa Januari 2025. Mstari wa vita ukaikata njia ya Butembo–Goma iliyokuwa ikipitisha bidhaa na wanunuzi.

Mashariki kuna tumaini. Juni 2021, Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mradi wa kutengeneza barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80, na ile ya Beni–Butembo, kilomita 54. Kwa mwenye pikipiki, kila kilomita ya lami ina maana ya cheni kudumu zaidi, breki kutoliwa na tope na shokomzoba kutovuja. Lakini lami pia huongeza mwendo, na kofia ngumu inayoning'inia kwenye usukani haimlindi mtu.

Kuuza bila majuto

Kwa anayeuza, mafundi wana ushauri mmoja: uza kabla haijafa. Pikipiki inayopanda kilima kwa nguvu zake, ikiwa na cheni nzima, huuzika kwa siku chache. Ikishaanza kutoa moshi, kila mnunuzi huja na fundi wake, na kila fundi hupunguza bei.

Mauzo yafanyike mchana, mahali penye watu, mbele ya mashahidi. Karatasi ya mauzo iandikwe nakala mbili, ikiwa na tarehe, bei, namba ya fremu, namba ya injini na saini. Muuzaji abaki na nakala yake na aitunze vizuri, kwani carte rose isipobadilishwa jina, anayetafutwa kesho chombo kikihusika katika ajali au uhalifu ni yule ambaye jina lake bado limeandikwa. Mnunuzi naye aende kubadilisha jina wiki hiyo hiyo, kabla ya kumpakia abiria wa kwanza.

Hatua hizo zina gharama na foleni, na ndiyo maana wengi huziruka. Lakini katika miji ambako mtu anaweza kupoteza akiba yake yote kwenye kona moja ya barabara, carte rose yenye jina lake na nakala ya mauzo iliyowekwa nyumbani ndivyo vitu viwili ambavyo mwizi hawezi kuondoka navyo juu ya pikipiki.