Chipu za kumbukumbu zauzwa kama kahawa

WANUNUZI wa kompyuta waliozoea kuona bei zikishuka mwaka hadi mwaka walipata mshtuko mwishoni mwa 2025, pale bei ya chipu za kumbukumbu ilipopanda kwa kasi.

Chipu hizo ni za aina ya DRAM, iliyobuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM na kupewa hataza mwaka 1968. Hushika kazi ambayo kompyuta inaifanya kwa wakati huo, kabla haijahifadhiwa kwenye diski. Kila tarakimu hukaa kama chaji ndogo ya umeme ambayo huvuja, hivyo hujazwa upya mara nyingi kwa sekunde. Umeme ukikatika, barua ambayo haijahifadhiwa imekwenda.

Kibiashara, jambo kubwa ni kwamba kwa kipimo kilekile, chipu ya kiwanda kimoja hufanya kazi ya chipu ya kiwanda kingine. Bei basi huamuliwa na wingi wa mzigo sokoni, kama kahawa. Na kama mkulima wa kahawa, mwenye kiwanda hupanda miche wakati bei ni nzuri, akaja kuvuna imekwisha kuanguka, maana kiwanda huchukua miaka kujengwa.

Soko hili huyumba hata kwa jambo dogo. Julai 1993 kiwanda cha Sumitomo Chemical huko Niihama, Japani, kililipuka. Hakikuwa kikitengeneza chipu hata moja, bali gundi ya kufungia chipu, lakini bei zilipaa. Mwaka 1996 mzigo ulizidi, bei zikaporomoka, na mauzo ya nje ya Korea Kusini yakaumia.

Waliochoka ni wengi. Intel, iliyoanza kuuza chipu hizi mwaka 1970, ilijitoa 1985 baada ya kubanwa na Wajapani. Qimonda ya Ujerumani ilifilisika 2009. Elpida ya Japani iliomba kinga dhidi ya wadai wake Februari 2012, ikanunuliwa na Micron ya Marekani mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya soko ikabaki kwa Micron, Samsung na SK Hynix, hizi mbili zikiwa za Korea Kusini.

Watatu hao sasa wamepata mteja mnene: mitambo ya akili bandia, inayotaka kumbukumbu za HBM, ambazo ni chipu zilizopangwa ghorofa. Micron imeeleza kuwa HBM hula malighafi ya silikoni takriban mara tatu ya kumbukumbu ya kawaida yenye ujazo uleule. Kinachokwenda huko hakirudi kwenye kompyuta ya mezani.

Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ililotumia kwa miaka 29 kuuzia kumbukumbu wateja wa kawaida madukani.