Bluu inavyokula bei ya simu za mtumba

ARUSHA: Mfanyabiashara wa simu za mtumba, kuanzia Soko Kuu hadi Tengeru chini ya Mlima Meru, akipima betri peke yake anahatarisha mtaji wake. Kioo nacho huzeeka.

Kioo cha OLED hakina taa nyuma yake. Kila nukta hujiangazia yenyewe kwa molekuli za kaboni, njia iliyotangazwa na Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak mwaka 1987. Nukta hizo ni nyekundu, kijani na bluu. Taabu iko kwenye bluu: mwanga wake una nishati kubwa zaidi, na nishati hiyohiyo huvunja molekuli inayoutoa. Bluu ikififia mapema, sehemu iliyotumika sana hugeuka manjano.

Wakemia wanatafuta molekuli ngumu zaidi. Mwishoni mwa 2021 LG Display ilitangaza vioo vya televisheni vyenye deuteri, yaani hidrojeni nzito, ambayo kiungo chake na kaboni si rahisi kukatika. Simu nyingi za mtumba hazina bahati hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afungue picha ya kijivu ijaze kioo kizima. Kivuli cha kibodi kikionekana, bei ishuke. Kisha afungue nyeusi tupu gizani: OLED huzima kabisa, ilhali kioo cha LCD kilichobandikwa na fundi huendelea kung'aa kidogo.