Injini Ikizimika Ghafla, Nani Alipe?

Gari la kuazima likizimika katika barabara ya Masaka, ugomvi huanza kabla fundi hajafika. Mwenye gari humlaumu aliyeazima. Huyu naye huapa kwamba hakuona dalili yoyote. Huenda asema kweli. Mkanda wa taimingi, ambao katika injini nyingi hubadilishwa baada ya kilomita 100,000 hivi, waweza kukatika bila onyo. Katika baadhi ya injini, pistoni huzigonga valvu zikapinda, na hapo gharama huwa nzito. Mkanda uliochakaa ni deni la mwenye gari, hata kama hakuwapo safarini. Lakini taa ya oili ikiwaka na dereva asisimame, mzigo ni wake. Fundi na aambiwe asitupe mkanda wa zamani: nyufa zake ndizo ushahidi.