Kiberenge na Mwinuko wa Newala

Aliyekulia kando ya reli hukijua kiberenge kwa sauti kabla hajakiona. Treni hutanguliwa na mtetemo wa ardhi. Kiberenge huja na mlio mwembamba wa injini, tu-tu-tu-tu, kama pikipiki iliyoacha barabara ikajitafutia njia ya chuma. Juu yake wamekaa mafundi wa njia, nyundo na spana miguuni pao, macho yote chini: taruma lipi limeoza, kokoto zimesombwa wapi na mvua, boliti ipi imelegea. Vile vidogo zaidi vina mipini mbele na nyuma. Treni ikikaribia, watu hushuka, hukamata mipini, hukinyanyua na kukiweka pembeni, kisha husubiri ipite.

Huko Marekani kigari hiki kimepata maisha ya pili. Kampuni za reli zilipohamia kwenye malori yanayoweza kushusha magurudumu ya chuma na kupita relini, viberenge vya zamani, vingi vikiwa vya kiwanda cha Fairmont cha jimbo la Minnesota, viliuzwa kwa watu binafsi. Wapenzi wa reli wakavinunua, wakavikwangua kutu, wakavitia beringi na rangi mpya. Chama chao, NARCOA, kina kanuni za usalama na mtihani kwa kila dereva. Mwishoni mwa wiki huomba ruhusa kwa mwenye reli, wakapanga viberenge vyao katika msafara mmoja, na kutwa nzima wakapita mabonde na misitu ambayo barabara haifiki.

Nikifikiria matembezi ya namna hiyo kwetu, akili yangu haiendi Dar es Salaam wala Kigoma. Inakwenda Masasi, kwa sababu Masasi ilikuwa na reli.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Shamba la bara lilihitaji njia ya kufika baharini. Reli ya upana wa mita moja ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kisha nyingine ikaungwa kutoka Mtwara, ambako gati la kina kirefu lilifunguliwa mwaka 1954. Kufikia hapo karanga zenyewe zilikuwa zimekwisha kushindwa: mpango ulivunjwa mwaka 1951, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa kama hasara. Reli ikabaki inatafuta mzigo. Tawi la Masasi lilifika mwaka 1958. Mwaka 1962 njia nzima ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Miaka minne tu! Linaniuma jambo hili kila msimu wa korosho, ninapoona malori yamepanga foleni yakiwa yamesheheni magunia.

Basi tukae juu ya kiberenge cha kufikirika, Jumamosi asubuhi, tukiondoka Masasi huku Mkomaindo na milima mingine ya mawe ikibaki nyuma yetu. Tupo wanne, na pamoja na chombo chenyewe uzito ni kilo 800 hivi. Kwenye reli tambarare, kwa mwendo wa pole, nguvu ya kutusogeza ni kama sehemu mbili tu kwa elfu za uzito huo. Ni sawa na nguvu ya kushikilia kilo moja na nusu ya sukari mkononi. Tukishaanza kutembea, mtoto wa darasa la tatu anaweza kutusukuma. Gari la matairi lenye uzito huohuo lingehitaji nguvu mara tano au zaidi kwenye lami, na mara hamsini au zaidi kwenye mchanga laini wa vijiji vya Makonde.

Siri yake iko mahali gurudumu linapogusa njia. Tairi la mpira hubonyea chini ya mzigo, kisha hujirudisha, na katika kila mzunguko sehemu ya nishati hupotea kuwa joto. Ligusie mkono tairi la basi lililoingia sasa hivi stendi ya Masasi utaelewa. Chuma juu ya chuma hakibonyei hivyo. Hata gurudumu la behewa lenye tani nyingi hugusa reli kwa eneo linaloweza kufunikwa na ukucha wa kidole gumba.

Kuna jambo jingine ambalo abiria hawalioni: kiberenge hakina usukani. Chukua vikombe viwili vya plastiki, vigandishe mdomo kwa mdomo ili katikati pawe panene, kisha uviviringishe juu ya mianzi miwili iliyolazwa sambamba na kuinamishwa kidogo. Vikienda kombo, vitajirudisha katikati vyenyewe. Upande uliosogea nje hukanyaga mwanzi kwa sehemu yake nene, kwa hiyo hupiga hatua ndefu kuliko mwenzake, na vikombe hugeuka kurudi. Gurudumu la reli limechongwa kwa mshazari wa namna hiyo, nene zaidi upande wa ndani. Ule ukingo uliojitokeza pembeni, ambao wengi hudhani ndio unaoliongoza, ni mlinzi wa mwisho tu.

Lakini msuguano mdogo una bei yake wakati wa kusimama. Kwa kilomita 40 kwa saa, gari lenye matairi mazuri kwenye lami kavu linaweza kusimama ndani ya mita kumi tangu breki zishike. Kiberenge kwenye reli kavu huhitaji kama mita thelathini, na pakiwa na umande au majani yaliyopondwa huweza kuvuka mita sabini. Ndiyo maana misafara ile ya Marekani huacha nafasi kubwa kati ya chombo na chombo. Zaidi ya hayo, magurudumu ya viberenge vingi hutengwa na umeme ili yasiwashe mitambo ya ishara, kwa hiyo penye makutano na barabara taa haziwaki. Mtu hushuka na bendera akasimamisha magari. Nasi tunajua bei ya kukosea. Machi 2020 mkoani Tanga, kiberenge kiligongana na treni ya mizigo na wafanyakazi wa shirika letu la reli wakapoteza maisha.

Sasa tuelekeze macho upande wa Newala. Uwanda wa Makonde umesimama kama ukuta, na mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Je, kiberenge chetu kingepanda? Reli husamehe uzito, mwinuko haiusamehe. Njia ikipanda mita moja kwa kila mita mia, ile kilo moja na nusu ya sukari inakuwa karibu kilo kumi. Ikipanda mita tano kwa mia, ni zaidi ya kilo arobaini. Treni ya tani 500 ndiyo inayoteseka hasa, maana magurudumu yale laini huteleza yakizunguka palepale. Kupanda mita 300 kwa mwinuko wa mbili kwa mia kunataka kilomita 15 za reli ikizungukazunguka kwenye kingo. Wajenzi wakaupisha uwanda, wakapita kaskazini yake upande wa Lukuledi. Newala na Tandahimba zikaachiwa malori.

Kwa hiyo Jumapili tungekiacha kiberenge Masasi, tukapanda gari hadi Newala, tukasimama Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kufunguka hadi Msumbiji. Mchanga wa uwanda huu haushiki maji. Mvua huzama, ikatokea chini kwenye chemchemi za kingo. Kwa vizazi wanawake wa Newala walishuka huko kuchota na kupanda na maji kichwani, mpaka miaka ya 1950, enzi ileile ya reli, mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma juu kwa mashine. Nimepiga hesabu: nishati ya kupandisha ndoo moja ya lita 20 mita 300 juu, bila kuhesabu mwili wa mama aliyeibeba, ingetosha kukisogeza kiberenge chetu na watu wake wanne karibu kilomita nne kwenye reli tambarare. Na hata leo bomba likikauka, madumu ya njano hupandishwa kwa bodaboda, injini ikilia gia ya kwanza.