Fahamu: Kero ya Kerenge hufikaje Bungeni Dodoma?

Madhali Ibara ya 63 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 imelipa Bunge madaraka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma, kadhia ya maji au ya barabara katika kata ya Kerenge, wilayani Korogwe, yaweza kusemwa Dodoma kwa taadhima ile ile wanayopewa wakazi wa miji mikubwa.

Njia iliyozoeleka ni swali la msingi, ambalo mbunge huliandika na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge, nalo, likiisha kupangiwa siku, hujibiwa asubuhi baada ya dua, aghalabu na Naibu Waziri. Kisha mbunge husimama tena akaomba maswali ya nyongeza, na hapo ndipo, kwa rai yangu, ustadi wake hudhihirika, kwa kuwa jibu la kwanza limekwisha kuandikwa wizarani, ilhali la pili hudai maarifa ya papo kwa papo.

Likizuka jambo lisilongoja ratiba, kama vile mafuriko, mbunge huomba shughuli ziahirishwe lijadiliwe, akiungwa mkono na wenzake, naye Spika hupima kama ni halisi, la dharura na lenye maslahi kwa umma. Pia ipo hoja binafsi, na maswali ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu.

Basi, ewe mkazi wa Kerenge, mpelekee mbunge wako habari kamili, kwa tarehe na mahali, kabla Mkutano wa Bunge haujaanza.