Mashua hupanda mlima kabla ya kuona maji

Je, msomaji, umewahi kuona mashua ya tanga ikivutwa na gari katikati ya msongamano wa Barabara Kuu ya Thika? Ukiiona, mlingoti wake umelazwa na kitambaa chekundu kinapepea nyuma, bila shaka utajiuliza watu hao wanaelekea wapi, maana kati ya Ruiru na Thika hakuna ziwa la kutweka tanga.

Jibu ni kwamba wanayafuata maji yaliko. Zamani wakazi wa jiji walikuwa na Bwawa la Nairobi, karibu na Kibera, ambako chama cha wapenzi wa mashua za matanga kilikuwa na makao yake. Bwawa hilo lilijaa matope, maji taka na gugu-maji, na mchezo ukafa. Tangu hapo, mkazi wa Ruiru au Thika anayependa matanga hana budi kuipandisha mashua juu ya trela na kuipeleka mbali, mara nyingi hadi Ziwa Naivasha.

Hapo ndipo taabu huanza. Mashua ikikaa mwaka mzima nyuma ya nyumba, siku inapofunuliwa kila kitu kina hitilafu. Beringi za trela zimeshika kutu, taa haziwaki, tanga limetafunwa na panya na pini ya usukani haijulikani iliko. Watoto nao wamekwisha ahidiwa, likizo imefika, na Jumamosi ni kesho kutwa. Je, safari ivunjwe?

Si lazima. Lakini kuna ubovu unaoudhi na kuna ubovu unaoua, na mkuu wa safari asiyejua kuutofautisha anaiweka familia yake hatarini. Hata kama huna mashua, usifungue ukurasa mwingine. Wengi wetu huvuta trela za viti na mahema ya arusi, na wengi huwapeleka watoto kupanda boti Naivasha au Fourteen Falls. Mambo ni yale yale.

Si jambo geni

Kubeba chombo cha majini nchi kavu ni kazi ya kale katika eneo letu. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskoti ikaletwa Mombasa vipande vipande, kisha vipande hivyo vikapelekwa hadi Ziwa Victoria. Ilishushwa majini Kisumu mwaka wa 1900, kabla reli yenyewe haijafika huko mwishoni mwa 1901. Yaani meli ilitangulia, gari la moshi likafuata!

Karibu na wakati wetu, kuna jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa kutoka kwa taka, zikiwemo ndara kuukuu. Lilishushwa majini mwaka wa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mwaka wa 2021 lilipakiwa kwenye lori likavushwa nchi kavu hadi Kisumu, likazuru Ziwa Victoria. Jahazi lililokwisha kukabili mawimbi ya Bahari ya Hindi lilihitaji matairi ili kuliona ziwa. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Karatasi moja, mafungu matatu

Kabla ya kumwita fundi, chukua karatasi uigawe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza andika "Hakuna safari". Ya pili, "Fundi leo". Ya tatu, "Iache". Kisha izunguke trela na mashua polepole, ukiandika kila hitilafu mahali pake.

Rangi iliyobambuka, kiti kilichopasuka, bendera iliyochakaa: hayo yote ni ya "Iache". Tanga lililotoboka na taa zisizowaka ni za "Fundi leo". Beringi inayonguruma, waya wa mlingoti uliokatika nyuzi na jaketi la kuokolea lisiloelea ni za "Hakuna safari" mpaka zirekebishwe. Utashangaa kuona kwamba vitu vinavyowasumbua wenye mashua zaidi, kama vile rangi, ndivyo vyenye hatari ndogo kabisa.

Anza na trela

Wengi hukimbilia tanga kwanza. Wanakosea. Fikiria barabara yenyewe. Thika iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukipitia Gatukuyu na msitu wa Kieni hadi Magumu, utapanda hadi zaidi ya mita 2,500. Kutoka Ruiru ukipitia Githunguri hadi Uplands, utapanda vivyo hivyo. Halafu unateremka kupitia Kinungi hadi Naivasha, ziwa lililo kwenye mita 1,900 hivi. Kwa hivyo mashua yako itapanda mlima na kuteremka bonde kabla ya kuloa tone moja la maji.

Inua kila gurudumu kwa jeki. Lizungushe kwa mkono huku umetega sikio. Likisaga kama jiwe la kusagia, beringi imekwisha. Kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imelika. Usikisie ukubwa dukani. Toa beringi kuukuu, isafishe, usome nambari iliyochapwa ukingoni mwake, na uende nayo mkononi. Maduka ya vipuri ya Thika na Ruiru yanayouzia matatu na malori hayakosi beringi za kawaida. Nunua pia mpira mpya wa kuzuia maji na grisi ya kutosha.

Pili, kagua tufe la chuma nyuma ya gari na kikombe cha trela kinacholishika. Hapa pana mtego. Kuna matufe ya milimita 50 na kuna ya inchi moja na nusu robo saba, yaani inchi 1⅞, ambayo ni kama milimita 47.6. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Kikombe cha milimita 50 kikivishwa tufe dogo kitafunga vizuri nyumbani, lakini kwenye shimo la kwanza au tuta la kwanza kinaweza kuruka. Pima kwa rula, soma nambari zilizochapwa, na ufunge mnyororo wa usalama, ukiupitisha chini ya kiungo, ili trela ikichomoka isiende kuwaua watu wanaosubiri matatu kando ya barabara.

Tatu, tazama matairi. Tairi la trela halilikwi kwa safari bali kwa jua. Ubavuni pana tarakimu nne: ukiona 3518, tairi hilo liliundwa wiki ya 35 ya mwaka wa 2018. Likiwa na nyufa ubavuni, libadilishe hata kama meno yake ni mapya. Kumbuka gurudumu la akiba, kwani la gari mara nyingi halitoshei trela.

Taa nazo zikiwaka kwa kufifia, au ukiwasha indiketa na taa ya breki ikaanza kukonyeza, usikimbilie kununua taa mpya. Mara nyingi waya wa ardhi ndio umeshika kutu. Ukwangue mpaka chuma king'ae, uukaze upya, na huenda fundi wa umeme asipate hata senti moja yako.

Hesabu ya wanafunzi

Wanafunzi, somo lile la fizikia kuhusu nguvu na umbali lina kazi yake hapa. Trela ambayo uzito wake umelalia nyuma ya ekseli huanza kuyumba kama mkia wa samaki gari likiongeza mwendo, na ikishaanza ni vigumu kuituliza. Ndiyo sababu pua ya trela hutakiwa kulilalia gari kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Trela na mashua zikiwa kilo 300, pua ibebe kati ya kilo 15 na 30.

Upimaje? Weka mizani ya kupimia watu chini ya pua, trela ikiwa imelala sawa. Tuseme imesoma kilo 5 tu. Mashua yenyewe ina kilo 180, na kutoka ekseli hadi kiungo ni mita 3. Ukiisogeza mashua mbele kwa sentimita 25, utazidisha 180 kwa 0.25 upate 45, kisha ugawe kwa 3 upate 15. Pua sasa itasoma kilo 20. Umeiokoa familia kwa hesabu, bila kutumia shilingi.

Fundi wa mtaani ni hazina

Thika imeitwa Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake, na kando ya viwanda hivyo wako mafundi wa jua kali wasioshindwa na kitu. Ukikosa pini ya usukani, usingoje iletwe kutoka ng'ambo. Mpelekee fundi wa mashine ya kukereza tundu lenyewe, yaani usukani mzima, apime na kukereza pini mpya. Sisitiza iwe ya chuma kisichoshika kutu.

Tanga lililochanika lipeleke kwa washonaji wa maturubai ya malori. Cherehani zao hupenya kitambaa kizito, na wanajua kushona kwa mshono wa kupindapinda unaovumilia mvuto. Mwambie atumie uzi wa poliesta, si wa pamba, kwa sababu wa pamba huoza kwa maji na jua. Kiraka kiwe na pembe za mviringo, kwani pembe kali hubanduka upesi.

Lakini fundi ana mpaka wake. Waya unaoshikilia mlingoti ukiota "ndevu", yaani nyuzi zilizokatika zinazochoma vidole, usikubali uchomelewe wala kufungwa kwa waya wa kuzungushia ua. Nunua mpya. Mlingoti ukianguka ziwani upepo ukivuma, huwaangukia waliomo.

Yasiyo na mjadala

Kila atakayepanda awe na jaketi lake, na lijaribiwe kabla ya safari. Soma alama yake. Lenye alama ya 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Kwa mtoto au asiyejua kuogelea tafuta lenye 100 au zaidi, ambalo lina ukosi wa kumwinulia kichwa. Mtoto avishwe, kisha uliinue jaketi kwa mabega yake. Likimpita masikioni, si lake. Jaketi la kaka mkubwa haliwi la mdogo kwa sababu tu mmechelewa.

Hesabu vizibo vya mashua na uvifunge kwa kamba ili visipotee. Mashua nyingi ndogo zina vyumba vya hewa vinavyoifanya ielee hata ikipinduka. Kizibo cha shilingi chache kikikosekana, vyumba hivyo hujaa maji.

Jambo la mwisho ni umeme. Mlingoti wa alumini hupitisha umeme. Kabla ya kuusimamisha, iwe ni uani Ruiru au ufuoni Naivasha, tazama juu. Ukiona nyaya, sogea mbali. Mpe mtoto mmoja mkubwa kazi hiyo tu ya kutazama juu.

Siku ya safari

Ondokeni alfajiri. Baada ya kilomita 15 au 20, egesha mahali salama na uguse kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya mkono. Uvuguvugu si kitu. Kikiwa cha moto hata mkono haukai, msiendelee, hata kama watoto watalia. Kazeni nati za magurudumu tena. Mkiteremka Kinungi tumia gia ndogo, maana trela ndogo isiyo na breki hulisukuma gari, na breki za gari zikipata moto sana hazishiki.

Mkifika, msiisukume trela majini papo hapo. Kitovu chenye moto kikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hujikunja na kuvuta maji hadi kwenye beringi. Beringi iliyoponea safari ya kwenda itafia safari ya kurudi. Nyweni chai kwanza.

Waulizeni wenyeji mahali pa kushushia, kwani maji ya Naivasha yalipanda sana mwaka wa 2020 yakafunika sehemu za ufuo. Waulize pia viboko wako wapi, nanyi mkae mbali nao. Asubuhi ziwa huwa tulivu na mchana upepo huzidi, kwa hivyo wanaojifunza wateremshe tanga mapema.

Je, na ikiwa Ijumaa jioni bado kuna jambo moja kwenye fungu la "Hakuna safari"? Basi hakuna safari. Waite watoto uwaonyeshe beringi hiyo au jaketi hilo, uwaeleze sababu. Watanuna, lakini watakuwa wamejifunza jambo ambalo wengi wanaoendesha magari katika barabara zetu hawajajifunza: kwamba kuvunja safari nyumbani si aibu. Ziwa halihami. Mtakwenda wiki ijayo, nyote mkiwa hai.